Waya Mzuri wa Wageni

Usingizi ulinikataa kwa sababu ya aina mbili za waya. Mmoja ulikuwa mnene, wenye nyuzi za shaba zilizosukwa kuuzunguka uzi wa ndani. Mwingine ulikuwa waya wa kawaida, wa kuning'inizia taa. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuamua upi uende wapi, nami nilihofia amekosea. Kisha nikahofia kwamba anayekosea ni mimi.

Mitambo ya muziki tuliyotaka kuiunganisha aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama shamba kule Molo: gramafoni ya umeme, amplifaya na spika mbili. Maelezo hakupewa. Kaka alikuwa amechuma maua ya pareto kwenye shamba hilohilo miaka yote niliyosoma, mpaka nikapata digrii, na sasa alitaka kuishi kwa kupiga santuri kwenye sherehe za Nakuru. Harusi ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Ikiharibika, nani angemwita tena? Angerudi kwenye pareto.

Waya mnene aliupeleka kwenye spika. Nilipomuuliza sababu, alinishangaa. Spika ndizo zinazotazamana na wageni, alisema, na mama yetu hakuwahi kumpa mgeni kikombe kilichovunjika mkono. Ule duni ungejificha nyuma, kati ya gramafoni na amplifaya. Nikakumbuka kabati la mama na vikombe vya maua ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa, nikamshikia waya aufunge. Mtu aliyekulipia karo unamwambiaje kwamba hajui?

Jumamosi ukumbini, santuri ya kwanza ilipoanza, spika zilinguruma mfululizo, na mwimbaji akasikika kwa mbali kama aliye ng'ambo ya mto. Nilidhani ni lile vumbi jeupe la magadi linalopeperuka kutoka ziwani, nikapangusa sindano ya gramafoni. Nikadhani ni umeme wa ukumbi. Nikarudi kwenye sindano.

"Bwana, mnatupigia muziki ama mnatusagia unga?" aliuliza mama mmoja wa upande wa bwana harusi, na meza yake yote ikacheka.

Baba wa bibi harusi alikuja taratibu, akamweleza kaka kwamba mpiga kinanda cha kodiani yuko pale mlangoni, na watu wakimaliza kula atampa nafasi. Kaka aliitikia kwa heshima. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, alingoja tu.

Nilijaribu kukumbuka somo la fizikia. Sauti itokayo kwenye sindano ni dhaifu, ndiyo inayohitaji kukingwa kwa zile nyuzi za shaba. Ikishapita kwenye amplifaya ina nguvu zake. Ama somo lile lilihusu simu? Na waya wa taa ukiungua? Sahani zilikuwa zinaondolewa, chai inaletwa.

"Mtoto mchanga ndiye hufunikwa blanketi," nilimwambia. "Sauti ya sindano ni mtoto. Ikifika kwenye spika ni mtu mzima."

"Una hakika?"

"Sina."

"Digrii nzima," alisema, akanipa kisu chake cha mfukoni.

Nikazima umeme, nikafungua kila kitu mbele ya watu. Ule waya mnene nikauleta nyuma, mahali ambapo mgeni yeyote hangeuona. Ule wa taa nikaukunjua wote, nikauvuta mpaka kwenye spika. Halafu nikawasha, kabla sijapata wasiwasi mwingine. Mngurumo haukurudi, na mwimbaji akavuka mto.