Makiwa Hayajibiwi kwa Ahsante

Riziki yangu hutoka kwa maiti. Miaka ishirini, katika mji mmoja wa baridi Uingereza, nimesomesha jinsi Waingereza wa karne ya kumi na nane walivyoandika habari za kufa na kulia, na vyeo vyote nimevipatia hapo. Kufa kufaana, ndiyo mimi. Siku mamangu alipofariki nilikuwa darasani nikichambua machozi ya mjane wa kwenye tamthilia, simu nimeizima. Nilipoiwasha jioni, alikuwa ameshazikwa. Nikakata tikiti. Kilichonitia hofu ni kimoja tu: dadangu Zuhura, aliyemuuguza peke yake, atanipokea vipi?

Asubuhi ya pili nilitua Mombasa. Teksi ikanishusha Marikiti, nikaingia Mji wa Kale kwa miguu, sanduku nalivuta. Wachukuzi walinipisha kama wanavyompisha mgeni. Nilitamani hata mmoja anitambue, wapi.

Nyumbani, Zuhura alinipa mkono, akaniuliza habari za safari, akanionyesha pa kuketi. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Baada ya alasiri wakaja majirani. Wa kwanza, Bi Mwanaidi, alinishika mikono yote miwili akanipa pole ya msiba, "Makiwa."

Nikajibu, "Ahsante."

Chumba kizima kikanigeukia. Profesa mzima wa misiba! Zuhura akaniinamia, akaninong'oneza kuwa msiba haushukuriwi, una jibu lake. Nikalikumbuka nusunusu, nikasema, "Ninayo."

"Tunayo," akasema Zuhura, na sauti ikamkatika. "Kwani alikuwa mamako peke yako, Rukia?"

Hapo nikalia, kwanza kwa aibu, kisha kwa uchungu. Zuhura akaketi ubavuni mwangu, na kila aliyeingia tukamjibu pamoja.

Siku ya saba niliagana na Zuhura mlangoni, akaniuliza nitarudi lini. Nikasema likizo. Sote wawili tulijua likizo ni neno tu.

Katika vitabu vyangu mfiwa huketi makaburini peke yake, nami hiyo nikiiita huzuni iliyokomaa. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu majirani walikuwa wapi.

Ndegeni machozi yalinijia tena. Mzee wa Kiingereza aliyeketi kando yangu aliniona, akageukia dirisha upesi, akaniacha nilie. Kwa adabu za kwao alinitendea wema, na mimi ndiye niliyeisifu adabu hiyo darasani miaka ishirini.