Viatu vya Kaka na Matuta ya Pito

Kaka yangu alifia ofisini, kwa presha, akiwa ameketi kwenye kiti. Sisi tulizoea kuogopa kwamba milima ndiyo itamuua. Nilipigiwa simu nikiwa Tunduma, nikasema sawa, nikamalizia chai.

Alikuwa bwana shamba, baba wa watoto watatu, na alipanda milima: Rungwe, Meru, Kilimanjaro mara mbili, kila mara kwa likizo yake ya mwaka. Mazoezi yake yalikuwa kushuka bondeni hadi Milepa Jumamosi na kurudi kwa miguu kesho yake, mchele wa kula nyumbani alioununua huko ukiwa mgongoni. Wapanda milima wenzake walibeba mifuko ya mchanga. Yeye alisema mchanga hauliki.

Sharti la nyumbani lilikuwa moja. Mvua zinapokaribia kuisha, shamba la nyumbani kwetu Pito huinuliwa matuta ya duara, majani yakifukiwa ndani yaoze, ili mwakani udongo huo utawanywe na kupandwa ulezi. Kabla tuta la mwisho halijafunikwa, hakuna mlima. Hata ofisini walijua.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, shangazi yetu ndiye aliyegawa. Makoti yakaenda, mashati yakaenda. Akainua viatu vya mlima, akanitazama.

"Mpeni huyu. Kwao ni stendi."

Watu walicheka kidogo. Walijua sikai mahali pamoja, na nimepanga kuondoka kesho yake asubuhi. Nilivijaribu, vikanitosha. Sikuhisi chochote.

Mjane wa kaka alikuwa akitazama shambani. Matuta yalikuwa yamefika nusu ya shamba, mvua zilikuwa zinakatika, na ulezi wa mwakani ulikuwa chakula cha watoto wake.

"Shemeji," aliniambia, "viatu hivyo havijawahi kuondoka matuta hayajaisha."

Nikabaki. Nililima navyo, vizito, vikibeba tope. Wapita njia waliniuliza kilele kiko wapi, nikawaonyesha mwisho wa shamba. Nilidhani nikiwa peke yangu kule nitalia. Nilikata majani, nikafukia, nikasogea mbele.

Tuta la mwisho lilipofunikwa, shemeji alikuja, akaligusa kwa mguu. Kesho yake alinifungia mchele kama alivyokuwa akimfungia kaka akienda mlimani.

"Haya, nenda," alisema. "Urudi."

Nilipanda basi la Mbeya. Tangu siku hiyo nimepita miji mingi na viatu hivyo, na sijapanda mlima hata mmoja. Mvua zikianza kupungua, narudi Pito.