Punda Tisa wa Ng'wandu

Ng'wandu wa Shinyanga alifuga punda, na kabla ya kumsifu mnyama yeyote aliuliza kwanza anakula nini.

Mwaka 1935 Waitaliani walipoivamia Habeshi, tajiri mmoja alikuja kununua punda wake wote tisa, wakawabebee Waitaliani mizigo vitani. Bei ilikuwa nono. Wiki hiyohiyo Abdu, karani wa stesheni, akamsomea gazeti: mataifa yamekubaliana kutowauzia Waitaliani punda wala ngamia, ili vita viwashinde.

Majirani wakamshauri auze kwa siri. Ng'wandu aliwaka. "Punda niliyemlea kwa mkono wangu akabebe risasi za kuulia watu? Tokeni kwangu!" Tajiri akaenda zake. Harusi ya mwanawe Makoye ikaahirishwa kwa kukosa mahari, lakini mzee alitembea kifua mbele, kana kwamba vita vile amevizuia yeye.

Mwaka uliofuata Abdu alimkuta akiwanywesha punda.

"Shikamoo, Baba Makoye."

"Marahaba. Za Habeshi?"

"Imeanguka. Ndege zimewamwagia watu sumu, wakababuka ngozi, wao na ng'ombe wao."

Ng'wandu akaweka ndoo chini. "Hizo ndege zinakula nini?"

"Mafuta."

"Nayo yalikatazwa kuuzwa?"

Abdu akainamisha kichwa. "Hayo hayakukatazwa, baba."

Mzee akawatazama punda wake tisa, wazima, wamenona.

"Kumbe muuaji tulimnyima punda," alisema, "tukamwachia mabawa."