Mchambuzi Wangu Amerudi, na Mimi Si Yule Aliyemwacha

Kazi yangu ni kusherehesha harusi. Mchana niko dukani Same mjini nauza vitenge na vitambaa vya sare, na Jumamosi nashika kipaza sauti. Mdogo wangu wa kike anapiga muziki. Tumefanya hivyo miaka mingi, kuanzia Lembeni hadi vijiji vya juu huko Chome, ambako spika zetu zimewahi kubebwa begani kwa sababu gari lilishindwa na tope. Watu wakiniuliza nilisomea wapi kuchekesha, nawaambia ukweli kwamba nilifundishwa na mtu ambaye sijawahi kuonana naye.

Alikuwa na chaneli mtandaoni ya kuchambua vichekesho. Anachukua klipu ya mchekeshaji, anaionyesha, kisha anasema alicheka au hakucheka. Baada ya hapo ndipo anaeleza kwa nini. Anairudisha sekunde ileile mara tatu na kusema, hapa angenyamaza kidogo, au hapa tayari tulishacheka, yeye akaendelea kusukuma. Mimi nilimsikiliza nikipima vitambaa, na wakati mwingine mteja alinishtua kwamba nimekata mita moja zaidi. Kila kitu ninachokijua kuhusu kusubiri ukumbi utulie kabla ya kusema neno la mwisho nilikipata kwake.

Pia alikuwa mkali, na sikatai kwamba ukali wake niliupenda. Akisema "Sikucheka," alikuwa anatazama kamera bila kupepesa, na sisi mashabiki tulijaza komenti za kumshangilia. Mimi niliiga hata ule utazamaji.

Kisha akanyamaza. Hakuaga. Wiki ziliisha, mwezi ukaisha, video ya mwisho ikabaki palepale juu ya chaneli. Nilijaribu wachambuzi wengine lakini walikuwa wanapiga kelele tu. Mwaka wa pili ulipoanza nilikuwa nimeacha kumtafuta.

Katika kipindi hicho ndipo nilipoharibu harusi ya Kihurio.

Ulikuwa wakati wa zawadi. Upande wa bwana harusi ulipita watu wawili wawili, mume na mke, wakicheza hadi mbele. Akaja shangazi wa bwana harusi peke yake, amevaa vizuri, amebeba zawadi yake mikono miwili. Nikaona nafasi. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba shangazi kaja peke yake, bila shaka amemwacha mzee wake shambani analinda mpunga.

Waliotoka mbali walicheka. Wenyeji wa Kihurio hawakucheka hata mmoja. Nikajua nimekanyaga kitu, ila sikujua ni nini. Shangazi aliweka zawadi yake mezani, akamshika bwana harusi mkono, akarudi kukaa. Mdogo wangu akapandisha muziki haraka, akaja kuninong'oneza kile alichoambiwa na mpishi: yule mume alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita.

Niliimaliza sherehe, maana ndiyo kazi. Lakini sikula chakula nilichowekewa.

Mdogo wangu alinishauri nipige simu kwa familia niombe radhi. Nikamwambia neno nimelisema mbele ya macho ya mtu, siwezi kulifuta kwa simu. Wiki iliyofuata nilifunga duka, nikaenda Kihurio. Nilimkuta shambani kwake anaamia ndege wasile mpunga, amesimama juu ya tuta la mfereji na kopo lenye vijiwe mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kutikisa kopo.

"Shangazi," nikasema, "nimekuja kwa lile neno langu la ukumbini. Sikujua. Lakini ningeweza kuuliza, na sikuuliza."

Alitikisa kopo mara moja zaidi, kundi la ndege likahama upande wa jirani. Akaniambia kwamba msiba anaujua, umemkuta akiwa mtu mzima, na hakutegemea watu waache kucheka kwa ajili yake.

"Kilichoniuma ni kwamba ulipatia," akasema. "Yeye ndiye alikuwa analinda mpunga huu. Kila msimu, hapa niliposimama."

Nilimwomba kopo, akanipa, nikaamia ndege hadi jua lilipopinda. Katika saa zile alinisimulia habari za mumewe, kwamba alikuwa mtani mkubwa, na kwamba wao wawili walitaniana hadi siku za hospitali. Wakati naondoka alinifungia mchele kwenye mfuko, akasema siku nikirudi Kihurio kusherehesha nipite kwake kwanza, atanieleza nani ana nini.

Nilirudi Same na utaratibu mpya. Tangu siku hiyo, kabla ya harusi yoyote natembelea pande zote mbili. Nauliza nani kafiwa, nani kaachika, nani hataki kutajwa, na nani atasikitika asipotajwa. Wa aina hii ya mwisho ni wengi kuliko unavyodhani. Vichekesho vyangu vimekuwa bora zaidi. Nasema hivyo bila kujivuna, kwa sababu naona kumbi zinavyocheka sasa, wenyeji na wageni pamoja.

Mwaka huu, mchana mmoja dukani, mdogo wangu akanitumia kiungo bila maneno yoyote. Nikafungua. Alikuwa ni yeye, mchambuzi wangu, kwenye kiti kilekile, ndevu zimeingia mvi. Hakuanza na mchekeshaji mwingine. Alianza na yeye mwenyewe: akaonyesha video yake ya zamani akimchambua msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuchekesha. Akaeleza kwamba baada ya video ile msichana aliacha kabisa, na kwamba amempigia simu, wamezungumza, naye amemruhusu kulisema hili.

"Niliyoyasema yalikuwa kweli," akasema. "Ila nilikuwa nayafurahia."

Nilisimamisha video pale. Mteja aliyekuwa anachagua vitenge aliniuliza kama nimepata taarifa mbaya. Nikamwambia hapana, ni nzuri.

Nilipoendelea, akaonyesha klipu mpya ya mchekeshaji mwenye jina kubwa, akaitazama yote, akasema "Sikucheka," kisha akaeleza kwa nini kwa uvumilivu ambao zamani hakuwa nao. Chini mashabiki walilalamika kwamba amelainika. Hata mdogo wangu jioni aliniambia jamaa amepoa. Mimi nawapinga. Ukali wake upo, ila sasa anaulenga kwenye kazi, na mtu mwenyewe anamwacha mzima. Hilo ni gumu zaidi, na najua kwa sababu nalifanya kila Jumamosi.

Kuna jambo moja alilokosea, kwa maoni yangu. Mwishoni alisema mtu ambaye hakuchagua kupanda jukwaani asitaniwe kamwe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, niliandika komenti ya kumpinga. Nilimwambia harusini watu wanataka kutaniwa, kutaniwa ni kutambuliwa, na kinachotakiwa ni kuwauliza kabla. Hajanijibu. Zamani ningeikagua simu kila baada ya dakika tano. Sasa niliiacha mezani nikapima kitambaa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Lembeni. Baba wa bibi harusi, mzee mpole aliyestaafu reli, alikuwa ameniomba yeye mwenyewe nimtanie kuhusu makande, kwa sababu nyumba nzima inajua kwamba hali chakula kingine. Nilimtania mara mbili. Mara ya pili alivua miwani ili afute machozi, na mkewe akaniashiria kwa mkono niendelee.