Nyama ya Ndotoni

Mdomo wangu hauna mlango. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea Bukavu na kunifuata mpaka Durban, alinionya tangu zamani kwamba mdomo huponza kichwa. Hakujua kwamba kitakachoponzwa ni kichwa chake.

Kanisani kwetu, kila Jumatano mchana, watu husimama na kusimulia ndoto zao. Chumba kiko ghorofani, South Beach, na upepo wa chumvi hupandisha mapazia na kuyashusha polepole mpaka unasinzia ukiwa umekaa. Siku ile nilisimama kwa furaha. Nikasema nimeota niko kwetu, mvua imekatika, kila kitu kinang'aa na hakuna mwenye haraka. Mama mkubwa ananilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Nilikuwa mdogo tena. Niliamka nimeshiba.

Pasta akauliza kwa upole, "Na nyama ilikuwepo?"

Kwetu hilo halihitaji kufundishwa: anayekulisha nyama ndotoni ni mlozi, yaani mchawi, na nyama yenyewe ni ya mtu. Nami nilijua. Lakini pasta alikuwa ananitazama, watu wote wananingoja, na ndoto yangu ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Nikasema, "Labda."

Labda hiyo moja ilitosha. Mama mmoja akakumbuka mimba yake iliyotoka. Mwingine akakumbuka mume wake aliyefukuzwa kazi bandarini. Mama mkubwa, aliyekuwa mstari wa nyuma na kikapu chake miguuni, akaitwa mbele aungame, aombewe, yaishe.

Nikamnong'oneza, "Kubali tu, mama mkubwa. Ni maneno. Utabaki nyumbani." Maana flati tuliyoishi ilikuwa ya dada mmoja wa kanisa, na yule hawezi kulala nyumba moja na mlozi.

"Niungame nini?" akaniuliza. "Kwamba nilikupikia?"

Siku ya tatu alihamia Overport, kwenye chumba kwa mjane mmoja asiyesali kwetu. Mimi nilibaki flatini. Naona aibu kulisema, lakini nilibaki, na kitanda chake nikakiwekea nguo zangu.

Kazi yangu ni kusuka nywele. Ukisuka masaa mengi vidole vinakwenda vyenyewe, na wewe unaelea mahali pengine kabisa. Mara nyingi nilielea kwenye mvua ile iliyokatika, nikitazama ndani ya sahani kama kuna nyama. Mchana mmoja nilikuwa namsuka mteja wangu Mkenya, mwalimu wa historia chuo kikuu, naye akawa anasimulia habari ya Waingereza fulani wa zamani, watu wa kusali sana, waliohamia Amerika. Huko wakawashtaki majirani zao kwa uchawi, na ndoto ya mtu ilipokelewa kama ushahidi. Aliyekubali aliachwa hai. Aliyekataa alinyongwa.

Vidole vyangu vikasimama. "Na wale waliosema wameota?"

"Hawakufanywa kitu. Kuna mmoja aliomba msamaha kanisani, miaka mingi baadaye. Lakini aliowakosea walikuwa wameshakufa, dada yangu."

Wangu yuko hai, nikawaza. Yuko Overport, taksi moja tu.

Nilimkuta anachagua maharagwe. Nikakaa sakafuni, nikamwambia, "Nyama haikuwepo. Nilitazama vizuri. Ilikuwa sombe tupu."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Eish. Kumbe hata ndotoni mwako nilikuwa maskini." Kisha akarudi kwenye maharagwe yake. "Hiyo usinipe mimi, mwanangu. Mimi najua sikukulisha mtu. Wape wao."

Jumatano nikasimama. Mapazia yalikuwa yanapanda na kushuka kama siku ile. Nikasema sikuona nyama, nilisema labda kwa woga, na mama mkubwa hana kosa. Nilidhani nitatua mzigo. Pasta akatikisa kichwa kwa huruma. "Amekulisha tena, binti yangu?"

Dada mwenye flati, aliyekaa kando yangu, akavuta mkoba wake. Halafu akavuta na kiti.

Jumamosi ndiyo siku benchi la saluni hujaa. Lilijaa, ila hakuna aliyekubali mkono wangu uguse kichwa chake. Wanawake wa kanisani niliowasuka miaka yote walisema wanamngoja mwenzangu. Nilikasirika, nikaogopa, nikafunga vitu vyangu kwenye begi moja, maana kitanda changu nacho kilikuwa kimeshatolewa na kuwekwa kwenye korido.

Nikapanda taksi mpaka Overport. Mama mkubwa aliona begi, akaongeza sahani ya pili. Mvuke ulijaa kile chumba kidogo, na kwa dakika moja sikujua kama niko macho.

"Leo iko nyama," akasema, akautazama mkono wangu.

Nikanawa, nikala.