Elfu Sita za Mwezi wa Tatu

Asubuhi hiyo Nerima alinipikia chai, akafungua kompyuta hapo mezani, akavaa miwani. Mimi nilikuwa nafunga viatu niende Dundori kuangalia viazi.

"Baba Sydney, ya mwezi wa tatu ulilipa, sindio?"

"Si nilikuambia? Ama unataka nikuimbie?"

Akacheka. "Hiyo sauti peleka kwa viazi."

Nilisimama mlangoni kidogo. Ukweli ulikuwa mdomoni. Nikatoka.

Nerima alikuwa karani wa kiwanda mpaka kilipofungwa. Baadaye akina mama wa hapa Section 58 wakamfanya mweka hazina wa kikundi chao. Kila aliyekopa alimtengenezea ratiba kwa Excel: mwezi huu unalipa hii, riba ni hii, deni inabaki hii. Mimi sikusoma. Siku moja aliniketisha kando yake, akafuta malipo ya mwezi mmoja. Nambari zote za chini zikabadilika, mpaka mwisho.

"Umeona? Mwezi mmoja tu."

Niliona.

Nilikuwa nimekopa kwa hicho kikundi pesa ya mbegu, nilipe elfu sita kila mwezi. Za mwezi wa tatu nilizinywa na rafiki yangu Owino, siku mbili. Nikamwambia Nerima nimepeleka benki, kwa akaunti ya kikundi. Watu wengine wote aliwaitisha risiti. Mimi hakuniitisha. Aliandika nimelipa.

Hesabu ya benki ikakosa elfu sita. Wiki mbili alipitia ratiba za watu thelathini na nane, moja moja, akitafuta mahali alikosea. Nilikuwa namwona. Nilikula, nikalala.

Hiyo siku nilipokuwa Dundori, kikundi kilikutana. Wakamwambia amechoka, kompyuta ya kikundi ichukuliwe na mwenzao Chepchumba. Jioni nilimkuta amekaa tu, mikono juu ya meza. Sikuuliza. Kesho yake presha ilimwangusha jikoni. Hakuamka tena.

Tulimzika shambani Kabazi. Wiki mbili baadaye nilipeleka elfu sita kwa kikundi, nikawaambia nilichofanya. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Chepchumba alifunga kompyuta, akalia. Akaniambia kwamba kwa ule mkutano, mama mmoja aliuliza kama risiti yangu iko. Nerima alisimama, akawajibu:

"Mzee wangu hawezi kunidanganya. Kosa litafuteni kwangu."