Sahani za Nyuma za Fundi Likwata

Fundi Likwata alinidhulumu mbele ya mkutano wa kijiji. Alisema mwanamke asiyejua hata alifu hana la kusema juu ya breki. Watu wakacheka, na kazi yangu ya utaniboi kwenye gari la kijiji ikaishia pale. Nilipofungua kinywa kujibu, akaniwahi: "Hukasiriki, mtani!" Yeye Mwera, mimi Mmatumbi, na babu zetu walitaniana hata makaburini. Basi nikacheka na mimi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na pikapu moja kuukuu, iliyopakwa rangi ya kijani kwa brashi. Dereva alikuwa Pazi. Taniboi nilikuwa mimi, Ziada binti Ahmadi, mjane mwenye mabega. Gari likisimama mlimani njia ya Kipatimu, Pazi alivuta hendibreki, nami niliruka na kusukumia gogo langu la mkwaju nyuma ya tairi. Miaka mitatu hatukumwaga hata chungwa moja.

Likwata akaja na breki alizozitoa kwenye gari dogo lililopinduka.

"Hizi breki zetu za ngoma zikiingia maji tukivuka mto hazishiki," aliuambia mkutano. "Za sahani zinabana chuma huku na huku, zinakauka upesi. Tuzifunge nyuma, gari litasimama kama limekumbuka kitu!"

Kuhusu mto alisema kweli. Lakini mimi nimeshika tairi mara nyingi ngoma zikifunguliwa, na nilijua waya wa hendibreki unaishia humo ndani. Nikauliza, "Mtani, ngoma zikitoka, waya wa hendibreki utaufunga wapi?"

"Utaanikia kanga zako!" Ndipo akaongeza lile la alifu.

Mwenyekiti, Mzee Maftaha, akaamua sahani zifungwe. Gari lenye breki mpya halihitaji gogo, akasema, wala mtu wa gogo. Nikalichukua gogo langu nyumbani, nikaligeuza kigoda.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kuchukua machungwa Kipatimu, na Likwata alikaa mbele na Pazi aone breki zake zinavyoshika. Mimi nilipanda kama abiria, naenda kwa dada yangu Esha, nikakaa nyuma juu ya kigoda changu. Tambarare gari lilisimama vizuri ajabu. Pazi alikanyaga breki kwa kila kuku aliyemwona, kwa raha tu.

Tukafika mlimani, matenga ya machungwa yalipokuwa yanangoja kupakiwa. Pazi akasimamisha, akavuta hendibreki. Ikaja yote mkononi, nyepesi kama kung'oa muhogo uliooza. Stata ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo injini haizimwi ili gia ishike gari, na mguu wa Pazi hautoki kwenye breki.

"Likwata, mguu unakufa ganzi!"

"Vumilia!"

"Njoo uvumilie wewe!"

Likwata akatafuta jiwe, hakuna, udongo mtupu. Akasukumia tenga la machungwa nyuma ya tairi. Gari likarudi kidogo, likalikanda, maji yakamrukia fundi mpaka kwenye kofia. Abiria wakaruka chini wakipiga kelele. Mimi nikabaki nimekaa.

"Mtani," aliniita, anafuta macho. "Hicho ulichokalia..."

"Kigoda changu."

"Ziada, gogo!"

"Mimi sijui alifu, mtani. Gogo nitalijuaje?"

"Dada Ziada, nakuomba mimi!" Pazi alilia. Kwa ajili ya Pazi nikashuka. Gogo likaingia, gari likatulia, watu wakapiga vigelegele. Likwata alicheka mpaka akakaa kwenye maji ya machungwa, nami, Mungu anisamehe, nikacheka kuliko wote.

Sahani zilibaki, kwa sababu ya mto. Mimi nilirudishwa garini, kwa sababu ya mlima. Tangu hapo Likwata amenitengenezea jiko kwa bati la madigadi, na kila msimu ananiletea machungwa akiimba njia nzima. Fundi mzuri, sikatai.

Lakini dharau aliitoa mkutanoni, na gogo aliliomba mlimani. Tangu siku ile mikutano imefanyika mingi, naye hukaa mstari wa mbele, kimya. Ananidai nini? Hakuna. Mimi namdai Likwata asimame pale pale, mbele ya wale wale waliocheka, aseme bila utani kwamba Ziada aliuliza habari ya waya, na yeye hakuwa na jibu.